Mali Kauli: Maneno ya Hasara na Dhamana katika Historia ya Biashara ya Kariakoo



Katika ofisi za katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mtaa wa Samora hadi Posta Mpya, kuna neno ambalo kizazi kimoja kilichopita lilikuwa nadra kusikika, na leo halikosekani katika taarifa za mwaka za mashirika: kihatarishi. Mashirika ya umma yana vitengo vya usimamizi wa vihatarishi, benki zina wakuu wa idara hiyo, na vihatarishi huorodheshwa katika rejista, vikapangwa kwa ukubwa, kila kimoja kikapewa ofisa wa kukifuatilia. Mwanaisimu hawezi kulilaumu neno hili kwa umbo lake. Limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kiunganishi na kivumishi: kitenzi hatarisha kimepewa kiambishi cha ngeli ya KI-VI mwanzoni na irabu -i mwishoni. Tena lina faida yake. Hatari haihesabiki kwa urahisi, lakini kihatarishi huhesabika: kimoja, viwili, kumi. Kinachohesabika huingia katika rejista.

Kinachonishughulisha mimi ni kile kilichoachwa nje. Kihatarishi hakina mtu ndani yake. Ni kitu kinachohatarisha, lakini neno lenyewe halituambii kinamhatarisha nani, wala ni nani atakayeibeba hasara ikitokea. Tukiondoka Posta, tukapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, tunakuta usemi wa namna nyingine. Huko hasara huliwa, hasara hubebwa, mtu hutiwa hasara na mwenzake, na mwingine humwekea dhamana ili asitiwe. Kila kitenzi kina mtendaji na mtendwa wake. Hoja yangu katika mhadhara huu ni kwamba ubunifu wa wafanyabiashara wa Kariakoo katika kuikabili hasara umekuwa, kwa sehemu kubwa, ni ubunifu wa kupanga upya nani ambebee nani mzigo huo, na kwamba mipango hiyo iliacha maneno yake katika Kiswahili. Historia ya biashara hiyo haikuandikwa sana katika vitabu. Kwa kiasi kikubwa inasomeka katika msamiati.

Maneno yaliyokuja na bahari

Kariakoo ni mtaa wa karne ya ishirini, lakini maneno yake ya biashara ni ya zamani zaidi. Hasara, dhamana, rehani, amana, na hatari yenyewe, yametoka katika Kiarabu. Hundi na bima yamepitia Bara Hindi. Neno bima linastahili kutazamwa kwa makini. Katika Kihindi na Kiurdu ni jina la mkataba wa kufidiana hasara, na asili yake hufikishwa kwenye neno la Kiajemi bim, yaani hofu. Sisi tulipolipokea hatukuipokea hofu. Tulipokea hati tu. Wazungu nao wana neno lao, lililoenea kutoka kwa mabaharia na wafanyabiashara wa Italia, ambalo asili yake inabishaniwa hadi leo. Wako wanaolitoa katika Kilatini, kwa maana ya jabali linalokata meli. Na wako wanaolirudisha kwenye neno la Kiarabu rizq, lile lile lililotupa riziki. Dhana hii ya pili haijathibitishwa, nami siijengei hoja. Hata hivyo, inapendeza kufikiri kwamba kitu kinachoogopwa katika ofisi za Posta huenda ni ndugu wa kile ambacho mchuuzi hukiomba kila alfajiri.

Katika karne ya kumi na tisa, mwenye mtaji wa Unguja alikuwa na tatizo ambalo hakuna rejista ingeweza kulitatua. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na Manyema uliweza kupotea machoni kwa miaka. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimpa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, bidhaa kwa mkopo, na bidhaa hizo zikaingia bara mahali ambapo mkono wa mkopeshaji haukufika. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na msomaji anayeingia humo akitafuta vita atashangaa kukuta ni hesabu ngapi za mikopo na pembe zimo. Sheria ya Kiislamu ilikwisha kutoa mfano mmoja wa kugawana mashaka ya namna hiyo: katika mudharaba mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mapatano, na mtaji ukipotea bila uzembe, mwenye mtaji hupoteza mtaji wake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Hakuna anayedaiwa mara mbili.

Katika mazingira haya ya pwani ndimo lilimokomaa neno nililolifanya kichwa cha mhadhara. Mali kauli ni bidhaa inayotolewa bila malipo ya papo kwa papo, kwa ahadi ya mdomo kwamba fedha italetwa ikiisha kuuzwa. Wanafunzi wa sintaksia watambue kwamba hakuna kihusishi katikati. Hatusemi mali ya kauli wala mali kwa kauli. Majina mawili yamewekwa ubavu kwa ubavu, kana kwamba neno la mtu na mzigo wa khanga ni vitu vya jinsi moja vinavyoweza kubadilishana nafasi.

Tuangalie mpango huu unavyogawa hasara. Mchuuzi hana mtaji wa kupoteza. Bidhaa ikidoda, mara nyingi huirudisha, na hasara ya kudoda hubaki kwa mwenye duka la jumla, ambaye ana uwezo zaidi wa kuibeba kwa sababu ana wachuuzi wengi na si wote watakaododewa siku moja. Kwa upande wake, mwenye duka ana hofu ya mchuuzi kutoweka. Hofu hiyo haondolewi na hati. Huondolewa na kujua: anakaa wapi, kwao wapi, alikuja mjini kwa nani, na nani atasimama akikosekana. Wasikilizaji wasidhani kwamba soko linadharau maandishi. Methali ya mali bila daftari ni ya wafanyabiashara wenyewe. Ila daftari huandika deni baada ya kauli kukubaliwa. Halichukui nafasi yake.

Mtaa, kijumbe na mpangilio wa zamu

Kariakoo ilipata jina lake baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, ambapo eneo hilo lilitumika kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi, na Kiswahili kikaligeuza jina la Kiingereza la kikosi hicho kwa matamshi yake. Kwa hiyo mtaa wa biashara uliokuja kuwa mashuhuri kuliko yote nchini umeitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine, na wengi wao hawakurudi makwao.

Viwanja vilivyopimwa kwa mraba vilijazwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, wapangaji wa makabila mbalimbali wakitumia kisima na jiko la uani. Ujirani wa namna hii ulikuwa pia chombo cha biashara, kwa kuwa kila mmoja alijua tabia ya mwenzake. Mwaka 1934 wenye maduka wadogo wa Kiafrika, wakiongozwa na Erica Fiah, mzaliwa wa Buganda aliyefanya biashara mjini hapa, waliunda chama cha biashara ambacho baadaye kiliongeza ustawi wa jamii katika jina lake. Nyongeza hiyo ina maana kubwa. Kwa muuza duka mdogo, msiba wa nyumbani na kufilisika dukani havikuwa vitu viwili. Mwaka 1937 Fiah alianzisha gazeti la Kwetu, na hapo malalamiko ya wenye maduka yakapata kurasa.

Chombo kilichodumu kuliko vyama vyote, hata hivyo, kiliendeshwa zaidi na wanawake. Upatu, kwa maana ya asili, ni sahani ya shaba inayopigwa katika ngoma. Leo mtu akisema anacheza upatu, au kwa mkato anacheza mchezo, hakuna anayefikiria shaba. Watu kumi wakichanga shilingi 20,000 kila wiki, kila mmoja hupokea 200,000 mara moja katika wiki kumi. Hesabu ni nyepesi mno, na ndiyo maana wachumi wengi waliipita bila kuitazama. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti mjini hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, ni miongoni mwa walioipa uzito unaostahili katika kitabu chake cha mwaka 1997.

Ufundi wote umo katika mpangilio wa zamu. Anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba; anayepokea mwisho amejiwekea akiba. Kwa hiyo anayeaminika huweza kuwekwa mbele, na mgeni asiyejulikana huwekwa nyuma, ambako hata akikimbia amekwisha kutoa zaidi ya alichochukua. Hakuna fomu inayojazwa, hakuna dhamana ya nyumba, na bado kila mshiriki amepimwa. Mwenzao akifiwa au mtoto akilazwa, zamu hubadilishwa, na ule mchezo wa akiba hugeuka kwa siku moja kuwa kitu kinachofanana na bima.

Anayesimamia haya huitwa kijumbe. Katika Kiswahili cha zamani kijumbe ni mtu wa kwenda na kurudi baina ya watu wawili, hasa katika mambo ya siri au ya posa. Neno halikuchaguliwa na kamati yoyote, na sidhani kama kamati ingepata lililo bora zaidi. Kijumbe wa mchezo naye huchukua siri za watu, huwaunganisha wasiojuana, na mmoja akishindwa kulipa, lawama, na mara nyingi deni lenyewe, humwangukia yeye.

Mlanguzi na mjasiriamali

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikabidhi biashara kubwa kwa dola, na Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, likawa mwuzaji pekee wa bima nchini kwa takribani miaka thelathini. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi. Uhaba ukaongezeka, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Katika miaka hiyo hofu ya mfanyabiashara iligeuka sura. Zamani aliogopa bidhaa kuoza, kuibwa au kudoda. Sasa aliogopa kukutwa nayo. Neno la zama hizo ni mlanguzi: anayenunua kwa bei ndogo, akaficha, akangoja uhaba, akauza kwa bei kubwa. Sina nia ya kuwatetea walioficha sukari wakati watoto wanaikosa. Nataka tu tulitazame neno. Kulangua ni kubeba mzigo wa wakati, yaani kuwa na bidhaa leo bila kujua bei ya kesho, na kitendo hicho kikawa ni dhambi ya uraia.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na awamu ya pili ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ikaingia na jina la ruksa. Katika miaka ya 1990 likaenea neno jipya: mjasiriamali. Ni ambatano la jasiri na mali, na halina haya. Linamsifu mtu kwa uthubutu wake mbele ya hasara. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 ilipotoka, watu walewale, na huenda baadhi yao wakiwa katika mitaa ileile ya Kongo na Msimbazi, walikuwa wamekwisha kupandishwa daraja kutoka ulanguzi hadi ujasiriamali. Muda uliopita ni miaka ishirini tu. Sijui mfano mwingine katika Kiswahili cha siasa ambapo kazi moja imebadilishiwa hukumu kwa haraka kiasi hicho. Hofu ya zamani, hata hivyo, haifi kwa kubadilishiwa jina. Mwezi Mei mwaka 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, miongoni mwa malalamiko yao kwa mamlaka ya kodi lilikuwamo suala la kusajili stoo. Kijana asiyeijua historia alishangaa kwa nini usajili wa ghala uwachome watu hivyo. Mzee aliyeishi mwaka 1983 hakushangaa.

Tangu ruksa, maneno yamemiminika. Machinga limetokana na jina la Wamachinga wa mkoa wa Lindi, ambako vijana wengi wa kwanza wa uchuuzi huo walitoka. Maelezo kwamba ni maneno ya Kiingereza kuhusu kijana anayetembea mwendo wa gwaride ni ya kubuniwa baadaye. Fremu ni chumba cha duka kinachotazama barabara. Kilemba, ambacho zamani kilikuwa zawadi ya mwanafunzi kwa fundi wake anapohitimu, sasa ni fedha anayotoa mpangaji mpya ili aipate fremu.

Neno ninalolipenda zaidi ni winga. Limetoka uwanjani, kwa mchezaji wa pembeni anayepeleka mpira kwa mfungaji. Winga wa Kariakoo hana fremu, hana ghala, hana bidhaa. Ana simu yenye picha, ana miguu, na anajua duka lipi lina nini na kwa bei gani. Humpata mteja, humfikisha dukani, au huuza kwa picha kisha akaenda kuchukua, na nyongeza ya bei ndiyo yake. Wataalamu wa biashara wangeandika kitabu kizima juu ya mtu aliyeigeuza kazi ya uuzaji kiasi kwamba hasara ya bidhaa kudoda haimgusi hata kidogo. Kiswahili cha zamani, kwa njia, kina kitenzi winga chenye maana ya kufukuza ndege shambani. Maneno haya mawili hayana uhusiano, ingawa wapo wateja waliochoshwa na mawinga watakaosema unao.

Sitaki msikilizaji aondoke na picha kwamba ubunifu wa lugha ni mwema daima. Mwaka 2009 serikali iliizuia taasisi iliyoitwa DECI, iliyokusanya fedha za maelfu ya watu kwa ahadi ya kuzizidisha. Msamiati wake ulikuwa wa kilimo na wa Biblia: mtu hakuweka fedha, alipanda mbegu, hakulipwa, alivuna. Katika mali kauli na upatu neno linamwonyesha mtu atakayebeba hasara. Katika kupanda na kuvuna, mtu huyo ametoweka, na badala yake pana udongo na mvua. Ni ufundi mkubwa wa lugha uliotumika kuficha. Kinyume chake ni jina ambalo wakopaji wenyewe wamewapa wakopeshaji wa riba kubwa wa miaka hii: kausha damu. Hapo hakuna kilichofichwa.

Moto na hati

Jengo la soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja katika mtaa huohuo liliporomoka, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Matukio haya mawili yanatulazimisha kusema ukweli juu ya mipaka ya maneno niliyoyasifu. Upatu unamlinda mmoja anapopatwa na msiba huku wenzake tisa wakiwa salama. Mali kauli inawezekana mwenye jumla akiwa bado amesimama. Wote kumi wakiwa na meza chini ya paa moja, na paa hilo likaungua usiku mmoja, hakuna wa kumpisha mwenzake zamu. Hasara ya namna hiyo huhitaji kubebwa na watu walio mbali, wasiojuana, wengi mno kuweza kukutana uani. Kazi hiyo ni ya bima, na hapa siwezi kukubaliana na wale wanaodai kwamba desturi zetu zinatosha.

Kwa nini basi bima haijazoeleka sokoni? Sababu ni nyingi, na za kipato ni kubwa. Mimi nitagusa ya lugha tu. Kiswahili kinasema kukata bima, kama kukata tiketi na kukata leseni. Ni kitenzi cha karatasi inayochanwa kutoka katika kitabu cha stakabadhi. Watu wengi waliijua bima kwanza kupitia gari, kama stika ya kioo cha mbele ya kumwonyesha askari wa barabarani, na kitenzi kimehifadhi uzoefu huo: bima ni kitu unachokata ili usisumbuliwe. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, bima ikafanywa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Ulazima huo unaweza kuwa na manufaa, ila unaongeza nguvu ya maana ileile ya leseni.

Jambo la kusikitisha ni kwamba bima, kwa asili yake, iko karibu na mali kauli kuliko na leseni. London, katika karne ya kumi na saba, wafanyabiashara walikutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, na aliyekubali kubeba sehemu ya hasara ya meli aliandika jina lake chini ya maelezo ya safari. Mtu aliyezoea vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hawezi kuuona mkahawa huo kuwa wa kigeni sana. Na sheria ya bima hadi leo imesimama juu ya kauli: anayeomba kinga hutakiwa kueleza kwa ukweli kila jambo la maana analolijua kuhusu mali yake, na akificha, mkataba unaweza kuvunjwa. Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo anaielewa kanuni hii kuliko mwanafunzi wa sheria. Ila hati inayomweleza mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na inapotafsiriwa hutafsiriwa neno kwa neno.

Nichukue istilahi moja. Katika mikataba mingi ya bima, sehemu ya kwanza ya hasara hubebwa na mwenye mali mwenyewe, na kampuni hulipa kinachozidi hapo. Kiingereza huiita sehemu hiyo kwa neno ambalo tafsiri yake ya kamusi ni ziada. Mtafsiri akiandika ziada, mfanyabiashara aliyeunguliwa atadhani ataongezewa fedha, kumbe ndiyo anayokatwa. Ningependekeza fungu la mwenye mali, kwa kuwa fungu ni neno la kugawana na mwenye mali anatajwa waziwazi. Lakini pendekezo la mzee wa chuo halitoshi. Linapaswa kujaribiwa kwa watu watakaolitumia, pamoja na mengine wanayoyatumia wao kwa wao wanapogawana hasara ya kontena walilochangia. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kuanza Mtaa wa Kongo, asubuhi kabla ya saa tatu, wakati fremu zinafunguliwa na wateja bado ni wachache.